Mpangaji Naye Ni Mwananchi

Mwaka 1989 chama tawala cha enzi hizo kilinuia kusimamisha jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, jijini Nairobi. Marehemu Profesa Wangari Maathai alikataa. Alibezwa Bungeni, shirika lake likafurushwa katika ofisi zake, na wakubwa wakauliza mwanamke huyu katumwa na nani. Hata hivyo jumba lile halikujengwa, na bustani ingalipo. Harakati za vyama vingi, ambazo zilipamba moto mwaka uliofuata, zilipata hapo mojawapo ya mafunzo yake ya mwanzo: kwamba jengo ni jambo la siasa. Yafaa kuuliza ni nani ajengaye, kwenye ardhi ya nani, kwa idhini ya nani, na ni nani atakayekosa jua kwa sababu yake.

Twawaomba wasomaji wetu, wanaharakati na waumini, waliulize swali hilo hilo mahali pengine. Hakuna leo anayetaka kusimamisha mnara mmoja wa ghorofa 60 mbele ya macho ya dunia. Badala yake yamesimama maelfu ya majengo ya ghorofa sita, saba na nane, yasiyo na jina wala jiwe la msingi, huko Pipeline, Tassia, Huruma, Mathare North, Kayole, Zimmerman na Githurai. Yalipanda moja baada ya jingine bila kelele. Hakuna waziri aliyeyafungua wala mbunge aliyeyapinga. Na ndani yake ndimo wanamoishi watu wengi waliotembea kwa miguu kwenda kwenye mikutano ya kudai mageuzi, pamoja na watoto wao waliozaliwa baadaye.

Hesabu ya watu ya mwaka 1989 iliikuta Nairobi ikiwa na wakazi 1,324,570. Ile ya mwaka 2019 ikakuta 4,397,073. Jiji limezidi mara tatu katika miaka 30, na mipaka yake ni ile ile iliyowekwa wakati wa Uhuru. Katika kaunti ndogo ya Mathare wanakaa karibu watu 69,000 katika kila kilomita mraba moja. Na jijini kote, kaya zipatazo tisa katika kila kumi zinapanga. Hilo la mwisho lashinda mengine yote kwa uzito. Nairobi ni jiji la wapangaji. Anayezungumza juu ya mwananchi wa Nairobi anazungumza juu ya mtu ambaye tarehe tano ya kila mwezi hulala akiwaza kodi.

Tukitazame chumba chenyewe, maana wengi wa wanaotunga sera hawajaingia ndani yake. Ni futi 10 kwa futi 10. Kitanda kimewekwa ukutani na pazia limekigawa chumba, upande mmoja wazazi na upande wa pili watoto, jiko la gesi, masufuria, sare za shule na televisheni. Dirisha, kama lipo, hutazama dirisha la jengo la pili lililo karibu kiasi kwamba jirani aweza kukupokeza chumvi kwa mkono. Taa huwashwa saa sita za mchana. Katika korido, vyumba kumi au zaidi hutumia vyoo viwili na bafu moja. Maji yanapokosekana, na hukosekana kwa siku nyingi mfululizo, kila mtungi wa lita 20 hupandishwa ngazi kwa mgongo au kwa kichwa hadi ghorofa ya saba. Lifti haipo. Aliyevunjika mguu na mama aliyejifungua jana hupanda ngazi zile zile, na mzee aliyeletwa mjini kutibiwa huketi juu kwa wiki nyingi, kwa kuwa kushuka ni kazi na kupanda tena ni kazi kubwa zaidi.

Watoto huchezea ngazini. Wakifukuzwa ngazini huenda juu ya paa, mahali panapoanikwa nguo, na mara nyingine paa hilo lina ukingo usiofika magotini mwa mtu mzima. Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, ilimwagiza kila ajengaye nyumba mpya aizungushie dari yake ukuta mdogo, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Sheria ya ujenzi ilikuwa imeandikwa jangwani kabla ya kuwako mji hata mmoja wa kuitumia. Sisi tuna mji, tuna wahandisi, tuna wakaguzi wanaolipwa mishahara, na ukingo bado haupo.

Wanajumuiya wanajua jambo jingine ambalo ripoti za serikali haziliandiki. Jumuiya ndogo ndogo zinapokutana nyumbani kwa mmoja wao, watu wanne huketi kitandani, watatu kwenye viti, mmoja juu ya mtungi, na waliosalia husimama koridoni wakiitikia sala kutoka gizani. Na anapofariki mtu ghorofa ya sita, jeneza halipindi kwenye kona ya ngazi. Marehemu hushushwa akiwa amefungwa katika blanketi, mabegani mwa vijana, mbele ya watoto waliokuwa wakicheza, ndipo alazwe katika jeneza barabarani. Waliowahi kuubeba mwili hivyo hawahitaji kuelezwa maana ya heshima ya binadamu katika Katiba.

Je, mambo yalifikaje hapa? Wako wasemao kwamba ni wingi wa watu tu, na kwamba kila mji mkubwa duniani ulipitia njia hii. Ni kweli kwamba Berlin ya karne ya 19 ilikuwa na majumba ya kupangisha yaliyojazwa watu kama kambi za askari, na kwamba kanuni za mwaka 1853 ziliridhika na ua wa mita 5.34 kila upande, kwa kuwa kipimo hicho kilitosha gari la zimamoto kugeuka. Lakini hata kipimo hicho duni kilikuwa kipimo, nacho kilisimamiwa, na baadaye kikaongezwa. Wingi wa watu haukuandika kanuni hizo wala haukuzibadilisha. Ni wanasiasa walioziandika, wakisukumwa na raia.

Kwetu Nairobi chanzo ni cha kale kuliko Uhuru. Mkoloni hakuutaka Mwafrika awe mkazi wa mji. Alimtaka awe mfanyakazi aliyekuja peke yake, akapewa mahali pa kitanda, kisha arudi kwao akichoka. Chumba kimoja kwa mtu mmoja, mke na watoto wakibaki mashambani: huo ndio ulikuwa mpango. Uhuru ulipokuja familia zilikuja mjini, na zikaingia katika chumba kile kile cha mtu mmoja. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja 6,000 vilipimwa Dandora ili watu wa kipato cha chini wajijengee nyumba za chini, kila kiwanja na bomba lake na choo chake. Ulikuwa mpango mwema. Lakini mabomba ya maji taka yaliyochimbiwa nyumba za chini hayawezi kubeba ghorofa nyingi, na viwanja vingi vilibadilisha mikono na kupanda juu.

Nani alipaswa kuzuia? Baraza la Jiji. Nalo lilikuwa wapi? Mwezi Machi 1983 serikali ya chama kimoja ililivunja baraza lililochaguliwa na kuweka mahali pake Tume ya Jiji iliyoteuliwa. Kwa takribani miaka kumi wakazi wa mji mkuu hawakuwa na diwani hata mmoja wa kumlilia, hadi uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 ulipowarudishia. Katika miaka hiyo wapimaji, wakaguzi na makarani wa mipango walizoea kutumikia aliyewateua. Kiwanja cha umma kiligeuka zawadi, na muhuri wa idhini ukapata bei. Msomaji asidhani kwamba tunachimbua kaburi. Mazoea hayo yalirithiwa na baraza lililochaguliwa, na kaunti nayo ikayarithi kutoka kwa baraza mwaka 2013. Na kati ya mwaka 2020 na 2022 jiji likaona tena kazi zake muhimu, mipango ya ujenzi ikiwamo, zikitolewa mikononi mwa waliochaguliwa na kukabidhiwa idara iliyoongozwa na afisa wa jeshi.

Hapa ni lazima tuwe waadilifu kwa wenye nyumba. Hatuwaiti wote wanyang'anyi, la hasha. Wengi ni wastaafu walioweka kiinua mgongo chao chote katika mawe na saruji, au walimu waliochukua mkopo wa chama cha ushirika na wataulipa hadi uzeeni. Wengine wanaketi katika benchi la mbele kanisani, nao watalisoma gazeti hili. Lau wasingejenga, watu hao wangelala wapi? Serikali haikuwajengea. Mtu aliyehama kutoka banda la mabati kwenye ukingo wa mto na kuingia chumba cha mawe, chenye umeme na choo cha kumwaga maji, amepiga hatua, naye atakuwa wa kwanza kutuambia tusimtukanie nyumba yake. Tunalisema hili kwa sababu kuna wanaharakati wanaotamani kuyaona majengo haya yakibomolewa yote. Sisi twakumbuka mabanda ya Muoroto yaliyobomolewa Mei 1990, na jinsi viongozi wa makanisa walivyolaani ukatili ule. Tingatinga halijawahi kumjengea maskini nyumba.

Tunalokataa ni biashara isiyo na sheria upande mmoja tu. Mpangaji hubanwa na sheria barabara: akichelewa kulipa, madalali huja na hati, na pasipo hati hupigwa kufuli, hukatiwa umeme, au hung'olewa mlango akiwa kazini. Mwenye nyumba asiye na haya hana wa kumwogopa. Ipo Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, iliyotungwa mwaka 1959. Inamkataza mwenye nyumba kumsumbua mpangaji kwa nia ya kumfukuza, na imeweka jopo la kuamua migogoro. Ni sheria nzuri kuisoma. Lakini inamlinda tu yule ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kodi halali yenyewe huanza kukadiriwa kwa kutazama kilichotozwa tarehe 1 Januari 1981. Ni chumba gani cha mawe jijini kinachopatikana leo kwa shilingi 2,500? Kwa hiyo sheria ipo, jopo lipo, na watu waliokusudiwa wamebaki nje ya mlango. Mswada wa Wenye Nyumba na Wapangaji wa mwaka 2021 ulitarajiwa kurekebisha mambo hayo. Bunge la wakati huo lilimaliza muda wake mwaka 2022 bila mswada huo kuwa sheria. Hatukumsikia mgombea hata mmoja akiulizwa jambo hilo katika kampeni.

Gharama ya kutosimamia ujenzi nayo imehesabiwa kwa maiti. Januari 2015 jengo liliporomoka Huruma. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo jingine la ghorofa sita karibu na mto, papo hapo Huruma, lilianguka na kuua watu 52. Maafisa walieleza baadaye kwamba lilikuwa limekwisha kuorodheshwa libomolewe. Ilikuwa vipi basi vyumba vyake vikaendelea kupangishwa? Siku chache baadaye mtoto mchanga alitolewa hai katika kifusi, na taifa zima likashangilia. Shangwe ile ilikuwa ya haki, lakini ilizima maswali mapema mno. Desemba 2019 jengo la Tassia likaanguka, likiua watu wasiopungua 10. Na usiku wa tarehe 1 Februari 2024 mlipuko wa gesi huko Mradi, Embakasi, uliwasha moto katikati ya makazi, kwa sababu ghala la kujazia mitungi ya gesi lilikuwa limeachwa kati ya nyumba za watu. Kila mara tunaambiwa tume imeundwa. Kila mara alama nyekundu ya X huchorwa ukutani, mvua huifuta, na mpangaji mpya huingia asijue ilikuwapo.

Tukumbuke pia mwaka 2020, wakati maradhi ya korona yalipoingia. Tarehe 27 Machi amri ya kutotoka nje usiku ilianza, na kila redio ikahubiri: kaeni nyumbani. Aliyetoa agizo hilo alifikiria nyumba yenye sebule. Watu sita katika futi 10 kwa 10 hawawezi kukaa mbalimbali hata wakijaribu, na koridoni hakuna hewa isiyopitia mapafu ya jirani. Usiku wa tarehe 30 Machi, huko Kiamaiko, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao, ghorofa ya tatu, polisi wakiitekeleza amri ile barabarani chini. Alikuwa nyumbani. Roshani ndiyo iliyokuwa ua wake na uwanja wake, na ndiyo hewa pekee aliyokuwa nayo.

Kwa nini basi watu wapatao tisa katika kumi wamekuwa wanyonge hivi, ilhali kura ni za kwao? Hapa tunataka kugusa jambo ambalo harakati zetu zimelikwepa. Lugha yetu yenyewe inalifichua. Mkazi wa Pipeline ukimwuliza nyumba yake iko wapi atakuonyesha ghorofa ya nne. Ukimwuliza nyumbani ni wapi atakutajia Vihiga, Kitui, Siaya au Nyeri. Nyumba iko hapa, nyumbani ni kule. Kule ndiko anakotuma fedha, ndiko atakakozikwa, na wengi ndiko walikojiandikisha kupiga kura. Akiharibiwa choo hapa Nairobi husema, hapa tunapita tu. Kapita miaka 20. Watoto wake wamezaliwa hapa, wamebatizwa hapa, hawajui njia ya kisima cha babu yao, lakini nao hufundishwa kwamba wao ni wapita njia. Mwanasiasa hamwogopi mpita njia. Na mkoloni aliyempangia Mwafrika mahali pa kitanda angefurahi kuona kwamba mawazo yake yamekaa ndani yetu muda mrefu kuliko bendera yake.

Nasi wa harakati tulilishika wazo hilo hilo. Tulidai mipaka ya maeneo ya bunge, tume huru, katiba mpya, na tukavipata baada ya jasho na damu. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na usafi wa kiwango cha kuridhisha. Tulicheza ngoma siku ile ilipotangazwa. Lakini twauliza: ni mikutano mingapi tangu hapo imeitishwa kuhusu choo cha koridoni?

Wala tusidhani kwamba swali la kodi likiachwa litalala. Mwishoni mwa mwaka 2001, Rais wa wakati huo alipotamka kwamba kodi za Kibera zipunguzwe, pasipo sheria wala utaratibu, wapangaji na wenye nyumba walishikana mapanga, watu wakauawa, na mgogoro wa shilingi ukavaa sura ya kabila kwa usiku mmoja. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2007, Mathare na Kibera, familia zilifukuzwa vyumbani mwao kwa sababu ya majina yao, na wengine wakakataa kulipa kodi kwa sababu ya jina la mwenye nyumba. Jambo ambalo mahakama haina nafasi ya kulisikiliza, genge litalisikiliza. Wakati wa uchaguzi kila ngazi ya jengo hukaa makabila matano au sita, yakitenganishwa na ukuta wa tofali moja. Kamati ya wapangaji inayojua kudai maji kwa pamoja ni kinga ya amani kuliko mabango elfu ya kuhubiri amani.

Yatasemwa kwamba serikali inajenga nyumba za bei nafuu. Kweli, inajenga. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilitiwa saini Machi 2024, baada ya Mahakama Kuu kuukataa ushuru wa kwanza Novemba 2023, na sasa kila mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, mwajiri naye akiongeza kiasi hicho. Mei 2025 nyumba 1,080 za kwanza zilikabidhiwa huko Mukuru. Tunawapongeza waliopata funguo. Lakini hesabu ya mwaka 2019 ilikuta Nairobi kaya zaidi ya milioni moja na nusu. Mpangaji wa Zimmerman anayekatwa asilimia 1.5 leo ataendelea kupanga mwaka huu na mwaka kesho na pengine maisha yake yote, na hakuna senti ya ushuru huo inayomletea mkaguzi mlangoni. Anachangia nyumba ya mwingine akiwa amelala katika nyumba ambayo hakuna aliyeikagua. Si vibaya kuchangia. Vibaya ni kusahauliwa ukichangia.

Kanisa lina sauti katika hili, na limeshawahi kuitoa. Tarehe 27 Novemba 2015 marehemu Papa Fransisko alifika Kangemi, katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, akazungumza waziwazi juu ya familia zinazolipishwa kodi za kupindukia kwa makao yasiyomfaa binadamu, na juu ya wajenzi wasio na sura wanaonyakua ardhi hadi viwanja vya watoto wa shule. Ilikuwa mwaka ule ule ambapo wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata walirushiwa gesi ya kutoa machozi wakitetea kiwanja chao. Maneno ya Papa yalipigiwa makofi. Kisha tukarudi majumbani, wengine kupitia mageti tunayoyamiliki.

Twasema hivi, basi, kwa makanisa ya mitaa hiyo. Ninyi mna kumbi zenye madirisha. Jumatatu hadi Ijumaa mchana kumbi nyingi zimefungwa. Mtoto wa darasa la nane ambaye nyumbani kwao hana meza wala mwanga angeweza kusomea humo, na wapangaji wa jengo moja wangeweza kukutana humo jioni bila mtunza nyumba kuwasikiliza nyuma ya mlango. Kamati za Haki na Amani, ambazo katika miaka ya 1990 ziliwafundisha wananchi kusoma rasimu za katiba, ziwafundishe sasa kusoma mkataba wa kupanga, kudai stakabadhi ya amana, na kujua kwamba kungolewa mlango si haki ya mtu yeyote. Mashirika ya msaada wa kisheria yapo. Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwasaidia maskini tangu mwaka 1973. Na mwenye nyumba ambaye ni mzee wa kanisa aanze na jengo lake: aweke ukingo juu ya paa, taa ngazini na tangi la maji, na awaonyeshe wenzake kwamba hakufilisika.

Kwa Bunge, madai yetu ni mafupi. Mswada wa wenye nyumba na wapangaji uletwe upya, kiwango cha shilingi 2,500 kiondolewe na kiwekwe kingine kinachofanana na maisha ya leo, na jopo la kodi liketi mitaani mwenyewe badala ya kumngoja kibarua aombe ruhusa kazini na kulipa nauli ya kwenda mjini. Kwa kaunti: orodha ya majengo yote yaliyopatikana kuwa hatari ibandikwe katika kila ofisi ya wadi, kwa Kiswahili, ikiwa na nambari ya kiwanja na tarehe ya ukaguzi. Mpangaji ana haki ya kujua kama ukuta anaoegemea mtoto wake umehukumiwa. Na familia inayotolewa katika jengo la hatari ipewe mahali pa kwenda kabla ya tingatinga kufika.

Nawe msomaji unayekaa ghorofa ya tano, usingoje mkutano mkubwa. Jiandikishe kupiga kura mahali unapolala. Hesabuni vyumba vya jengo lenu, vyoo vyake, na siku maji yasipotoka mwezi huu, muandike katika daftari moja, mtu mmoja kila ghorofa atie sahihi. Kaunti inalazimika kuwasikiliza wananchi kabla ya kupitisha bajeti yake. Vikao hivyo hutangazwa, na aghalabu hujaa watu wachache walioletwa na diwani. Nendeni na daftari hilo, mlisome kwa sauti mbele ya karani, na mkae hadi mwone limeandikwa katika kumbukumbu za kikao.